Jua la Kushoto

Kazini walimwita Digrii. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani jamaa amesoma vyuo akavimaliza, kumbe alikuwa na cheti kimoja tu, cha uchoraji wa ramani za majengo, tena pembe zake zilishaliwa na mende. Jina lilitokana na jibu lake. Ukimuuliza kivuli cha baraza kinaangukaje ukutani, alikujibu bila kuinua macho kwamba ni digrii arobaini na tano. Cha paa je? Digrii arobaini na tano. Na cha mti? Hapo alikutazama kama mtu aliyeulizwa mara ya tatu jina la mama yake.

"Arobaini na tano, ndugu yangu. Jua linatoka juu kushoto, linashuka digrii arobaini na tano. Basi, hakuna mjadala."

Miaka ishirini na miwili alikuwa akichora vivuli. Alianza na penseli na rula ya pembetatu. Kompyuta zilipoingia ofisini alinuna wiki nzima, kisha akaizoea programu ya kuchorea mpaka akawa anaijua kuliko mifuko ya suruali yake. Wenzake wakishapanga vyumba, yeye ndiye aliyechora kuta za nje: mwonekano wa mbele, wa nyuma, wa ubavu huu na wa ubavu ule, yaani nyumba itakavyoonekana na mtu aliyesimama nje akaikodolea macho. Michoro hiyo ikiwa mistari mitupu, mteja huitazama kama anayetazama wavu wa banda la kuku. Digrii alivuta mstari wa mshazari kutoka kila pembe iliyojitokeza, akaona unagonga wapi ukutani, akakata uliozidi, akajaza weusi ndani, na weusi huo akauweka kwenye tabaka lake peke yake ndani ya programu, kama karatasi angavu juu ya mchoro, lililoandikwa KIVULI. Mara baraza likatoka mbele, madirisha yakazama, paa likakaa juu ya ukuta kama kofia, na mteja akaanza kutabasamu. Bosi, msanifu mwenye ofisi, alipenda kusema mbele za watu kwamba vivuli vya Digrii humfanya mtu ahamie nyumba ambayo bado ni karatasi.

Ila hakuna hata siku moja aliyojiuliza kwa nini kushoto. Chuoni waliambiwa kushoto, wakaandika kushoto, mtihani ukaja wakajibu kushoto, wakafaulu.

Safari hii nyumba ilikuwa ya kwao. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amewashonea watu wa mtaa ule sare za shule na suti za harusi, akawashonea na watoto wao, na sasa umri umekwenda, macho yamechoka, alibaki na kazi za kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Kuambiwa apumzike hakutaka kusikia. Nyumba yao ya zamani ilipozidi kuinama waliibomoa, mzee akahamia kwa muda kwenye vyumba viwili alivyopanga binti yake mkubwa, ambaye Digrii na kila mtu mwingine walimwita Dada. Katika kuhama huko cherehani ilikaa wiki mbili imefungwa kwenye gunia. Mzee alikonda. Chakula alikigusa tu, na kila baada ya dakika tano aliuliza saa ngapi, kama mtu anayesubiri basi lisilokuja. Siku cherehani ilipofunguliwa alikula sahani mbili.

"Umeona?" Dada alimwambia mdogo wake. "Huyu akiacha kushona, hatumalizi naye mwaka. Kwa hiyo wewe na kompyuta yako mjue mnachokichora."

Kwenye nyumba mpya mzee angeishi na Dada. Hakuomba chumba kikubwa wala vigae. Aliomba kitu kimoja.

"Nipeni chumba chenye jua la asubuhi," alisema. "Asubuhi ndiyo saa yangu ya kushona. Mengine pangeni wenyewe."

Jumapili mchana Digrii alikuja na michoro minne, imechapwa kwenye karatasi kubwa, akaitandaza mezani kwa Dada. Mbele ya nyumba kulikuwa na vyumba viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, na katikati baraza lililotokeza. Kivuli cha baraza hilo kilimwagika upande wa kulia, kizito, cheusi, kimekifunika chumba cha kulia nusu nzima. Chumba cha kushoto kilikuwa cheupe pe.

Mzee aliichukua karatasi ya mwonekano wa mbele, akaisogeza mpaka ikakaribia kumgusa pua. Alikaa nayo hivyo muda mrefu. Alipoishusha, uso wake ulikuwa umechanua.

"Hii ndiyo ramani!" alisema. "Zile nyingine zako, mwanangu, nilikuwa nasema tu ni nzuri. Lakini hii naiona. Nyumba imesimama!" Akaweka dole gumba juu ya ule weusi. "Hapa giza." Akalihamisha kushoto. "Hapa mwanga. Basi mimi wa hapa."

"Hata mimi naona," Dada alidakia. "Kushoto kunang'aa. Haya, chumba cha kulia nitakaa mimi, na giza langu. Mimi naamka jua bado limelala, litanisaidia nini?"

Digrii alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba vile vivuli ni vya kupendezesha, ni desturi ya wachoraji tu. Lakini baba yake alikuwa ameishikilia ile karatasi kama cheti cha shule, na katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwambia "hii ndiyo." Mtu akisifiwa na baba yake mara ya kwanza hasimami katikati kuirekebisha sifa. Akaufunga mdomo. Na tuseme ukweli, hata yeye mwenyewe wakati huo hakuona ubaya wowote, maana chumba cha kushoto kwenye karatasi kilikuwa kinang'aa kwelikweli.

Jumatatu asubuhi walikutana kiwanjani yeye na fundi mwashi, kupigilia vigingi na kufunga kamba za msingi. Kuchimba kungeanza Jumatano. Fundi mwashi alikuwa mtu mfupi, mwenye koti zito lisilomtoka mwilini kabla ya saa nne, na mwenye tabia ya kuuliza maswali kama anajiuliza mwenyewe. Walipomaliza kamba, alibaki amesimama barabarani na michoro mkononi, anaigeuzageuza.

"Mchoraji, samahani," alisema. "Mimi shule yangu ndogo. Hebu njoo usimame hapa."

Digrii akaenda.

"Hapa tunaitazama nyumba kwa mbele, si ndiyo?"

"Ndiyo. Kama kwenye mchoro."

"Jua liko wapi?"

Mkono wa Digrii ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea, ukaonyesha juu kushoto. Kushoto kulikuwa na jengo la jirani, la ghorofa nne, limekwisha mwaka juzi, limekaa pembeni ya kiwanja kama kabati lililokosa nafasi. Jua lilikuwa linamchoma shavu la kulia.

Aliushusha mkono taratibu. Aliangalia kulia, akaangalia karatasi, akaangalia kulia tena. Alikuwa amezaliwa kwenye kiwanja kile. Miaka yote ya utoto wake jua lilichomoza upande ule ule wa uwanja wa shule, na yeye alikuwa akilitazama huku anapiga mswaki. Alilisahau lini?

"Mimi nilijisemea, labda hili la kwenye karatasi ni la jioni," fundi mwashi aliendelea. "Sawa, jioni linakwenda kushoto kule. Nikafungua karatasi ya pili, ya nyuma. Tukienda kusimama kule nyuma, kushoto kwetu ndiko linakochomoza. Kwa hiyo mbele ni jioni, nyuma ni asubuhi. Nikatazama ubavu huu, jua liko huku. Ubavu ule, liko kule. Nimehesabu majua manne. Sasa nauliza tu, nijenge kwa kufuata lipi?"

"Hivyo vivuli..." Digrii alikohoa. "Hivyo ni vya kuonyesha tu."

"Kuonyesha nini?"

"Kwamba baraza limetokeza."

"Ahaa." Fundi mwashi alikuna kidevu. "Maana dada yako aliniambia mzee kawekwa kushoto kwa sababu kompyuta ndiyo imeonyesha jua liko huko. Nikasema, kama ni kompyuta, mimi nani?"

Digrii alirudi ofisini kichwa kinamzunguka. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua kazi za zamani, moja baada ya nyingine: shule, zahanati, nyumba ya daktari wa meno, kanisa, msikiti, kituo cha mafuta. Kote jua lilikuwa kushoto. Mbele kushoto, nyuma kushoto. Alikuwa ameyawasha majua manne kwa kila jengo mjini na hakuna mtu aliyewahi kulalamika. Alisikia aibu ya ajabu, ile ya mtu anayegundua jioni kwamba ameshinda siku nzima na shati lililogeuzwa.

Akaenda kwa Bosi.

"Bosi, kwa nini jua letu linatoka kushoto?"

"Jua letu lipi?"

"La kwenye michoro."

Bosi alivua miwani. "Linatoka kushoto kwa sababu linatoka kushoto. Una homa?"

"Tukiliweka kulia?"

"Mteja atadhani nyumba imegeuzwa. Digrii, wewe ndiye uliyewafundisha vijana wote humu ndani. Ukianza kuniuliza wewe, wao watamuuliza nani?"

Swali lilikuwa zuri. Akarudi mezani. Programu ilikuwa na kitufe cha jua halisi, ambacho hakuwahi kukigusa kwa sababu hakuwahi kukihitaji. Ili kifanye kazi ilimbidi azisimamishe kuta zote, aziwekee unene na kimo, akate madirisha, apandishe paa. Ilimchukua mpaka saa nane mchana, na chakula cha mchana akakisahau. Akabonyeza.

Upande wote wa mbele wa nyumba ukang'aa, kushoto na kulia. Digrii alishusha pumzi ndefu. Kumbe hakuna tatizo, alijiambia, pote pana jua. Alikuwa anatafuta pochi yake aende kula ndipo akaona maandishi madogo chini ya kioo: jina la mji. Haukuwa mji wao. Ulikuwa mji wa mbali kabisa, wa watu wanaoishi na theluji, na bila shaka ndiko programu ilikozaliwa. Baba yake angepata jua zuri sana endapo angekubali kuhamia huko.

Akaandika mji wao. Akaandika tarehe ya siku ile, na saa tatu asubuhi. Upande wa kulia ukawaka, kushoto kukazima. Akaandika saa kumi jioni. Kushoto kukawaka, kulia kukazima. Akaandika saa sita mchana, jua likapanda juu ya paa likakaa huko, halimfai aliye ndani. Majibu matatu ndani ya robo saa, na yote kutoka kwenye mashine moja. Alishika tama. Angalau jioni, aliwaza. Mzee atajifunza kushona jioni. Watu hubadilika.

Hapo ndipo alipokumbuka lile kabati la jirani. Kwenye michoro yake lilikuwa halipo, kwa sababu unachora nyumba ya mteja, huchori ya jirani. Alihesabu kichwani, ghorofa nne, mita tatu kila moja, akachora boksi la mita kumi na mbili upande wa kushoto na kubonyeza tena saa kumi. Chumba chote cha baba yake kikamezwa na giza. Alijaribu saa tisa, saa kumi na moja. Akajaribu mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Asubuhi nyumba yenyewe ilikikinga chumba kile, jioni jirani alikikinga. Katika nyumba nzima, pamoja na choo na stoo, hicho ndicho chumba pekee ambacho jua lisingeingia hata kwa bahati mbaya. Ndicho alichompa baba yake, kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kusifiwa.

Angeweza kupiga simu hapo hapo. Lakini aseme nini? Kwamba ile ramani, ile moja ambayo mzee aliikubali, ilikuwa uongo mtupu? Na tena, amwamini nani sasa? Asubuhi aliamini mkono wake, ukamwaibisha. Mchana kompyuta ilimwonyesha jua la kwenye theluji na yeye akashukuru. Je, kama kuna kitu kingine ambacho hakukiandika?

Jumanne jioni alipita kwa Dada. Mzee alikuwa amekaa kwenye cherehani karibu na mlango, anashona pindo la suruali. Taa ilikuwa haijawashwa na chumbani kulishaanza kuwa na kiza, lakini cherehani ilikuwa inakwenda tu, tararara, tararara, na vidole vya mzee vinaongoza kitambaa.

"Baba," Digrii alianza, akavuta kigoda. "Kuna kitu nataka kukuuliza. Mwanga wa kufanyia kazi unatakiwa utoke upande gani?"

"Kushoto," mzee alijibu papo hapo.

Digrii nusura aanguke kwenye kigoda. "Kushoto? Kwa nini?"

"Si unatumia mkono wa kulia? Mwanga ukitoka kulia, mkono wako mwenyewe unakuzibia sindano. Ukitoka kushoto, mkono unapita na kivuli chake, kazi inabaki wazi. Mafundi wote wanakaa hivyo. Hata wewe ulipokuwa unachora kwa penseli, ulikuwa unakaa hivyo hivyo, dirisha kushoto. Mimi ndiye niliyekuhamishia meza."

Digrii aliutazama mkono wake wa kulia. Kwa hiyo lile la kwenye michoro halikuwa jua. Lilikuwa dirisha la mchoraji fulani wa zamani, mtu wa mkono wa kulia, aliyelala kaburini miaka mingi, na watu waliendelea kulichora dirisha lake bila kujua. Alidhani akilijua hilo kichwa kitatulia, lakini kilizidi kuvurugika. Kushoto kwa nani? Ukigeuka nyuma, kushoto kunahama na wewe. Jua halihami na mtu.

"Mbona umekuwa bubu?" mzee aliuliza.

"Kesho nitakuletea mchoro mwingine, Baba. Umerekebishwa. Huu ni wa ukweli."

"Kwani ule wa Jumapili una nini?" Sauti ya mzee ilikuwa na wasiwasi kidogo. "Ule nimeupenda."

Dada alitoka jikoni akawasha taa. "Baba, tena gizani? Ungeniita niwashe."

"Naona vizuri tu," mzee alisema, akaendelea kushona.

Jumatano asubuhi wote walikuwa kiwanjani. Kulikuwa na baridi. Vibarua walijipuliza viganja kabla ya kushika sururu. Dada alimleta mzee amemshika mkono, amemvalisha sweta mbili, kwa sababu mzee alisisitiza kwamba msingi wa nyumba yake hauwezi kuchimbwa yeye hayupo. Digrii alikuja na karatasi yake ameikunja kwapani. Usingizi haukumpata vizuri, lakini mchoro ulikuwa sahihi. Saa tatu asubuhi, mji wao, tarehe ya siku ile, jirani amewekwa mahali pake. Hakujaza weusi kwa mkono. Kila kivuli kilikuwa kimepigiwa hesabu, chembamba, chepesi, rangi ya majivu, kimekaa mahali kinapokaa kweli. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuchora kitu cha kweli kama kile.

Alipiga moyo konde akasema yote mbele yao. Kwamba alikosea. Kwamba vivuli vya Jumapili vilikuwa vya desturi tu. Kwamba chumba cha kushoto ni shimo, na Dada ndiye anayetakiwa ahamie huko, mzee aje kulia. Fundi mwashi alitikisa kichwa kukubali kila sentensi kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi aliyesoma.

"Kumbe!" Dada alisema. "Na mimi nimezaliwa hapa, jua nalijua linakotoka! Lakini nilijisemea, kitu kimetoka kwenye kompyuta, mimi nani?"

"Tazama, Baba," Digrii alisema, akamkabidhi mzee karatasi. "Sasa iko sawa."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza puani. Akaisogeza mbali. Akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena, akapitisha kiganja juu yake polepole kutoka ukingo mpaka ukingo. Walimsubiri.

"Mbona hujachora kitu?" aliuliza.

Dada akaanza kucheka. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Baba," Digrii alisema. "Kuna nyumba hapo."

"Ipo?" Mzee aliirudisha puani. "Sawa. Kama ipo, ipo. Ni nzuri."

Fundi mwashi aligeuka akawaambia vibarua kitu ambacho hawakuwa wamekiuliza. Digrii aliitazama ile karatasi mikononi mwa baba yake, mistari yake myembamba, majivu yake mepesi. Jumapili mzee hakuwa amesifu mchoro. Alikuwa amefurahi kuona kitu.

"Tangu lini, Baba?" Dada aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyeusi na nyeupe naziona," mzee alisema kwa haraka, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. "Zikiwa kubwa. Ile ya Jumapili niliiona yote."

"Tangu lini?"

"Kabla ya nyumba kubomolewa. Msinitazame hivyo. Najua mnanitazama. Nikiwaambia, mtaifunga cherehani kwenye gunia."

"Lakini unashona," Digrii alisema. Alikuwa amepotea kabisa, hata maneno yalitoka yamekanyagana. "Jana nimekuona unashona. Pindo limenyooka. Kwa macho gani?"

"Nani amekwambia nashona kwa macho?"

Siku tatu Digrii alikuwa amelifukuza jua, kushoto, kulia, kwenye theluji, nyuma ya jirani, kwa ajili ya macho ambayo hayakuwepo. Chumba cha kushoto na chumba cha kulia vilikuwa ni kimoja kwa mzee huyu. Angewekwa hata stoo asingejua. Alihisi hasira, kisha akaionea aibu hasira yenyewe.

"Sasa jua la nini?" Dada ndiye aliyeuliza, machozi yanamtoka na yeye anayafuta kwa ukali. "Ulitusumbua wote na jua lako la asubuhi, mtoto wa watu hajala, hajalala, na wewe huoni! Jua la nini, Baba?"

Mzee alimrudishia Digrii karatasi yake, akainama, akaitafuta kamba ya msingi mpaka akaipata, akaishika. Akaanza kutembea, kamba ikipita kiganjani mwake kama pindo la nguo. Alipita palipopangwa baraza. Hakuuliza kulia ni wapi. Alikuwa ameugeuza uso wake kunakochomoza jua, na aliufuata uso wake, hatua moja moja, mpaka kamba ya mwisho ikamgusa magotini. Hapo alisimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, mahali ambapo fundi mwashi angejenga ukuta.

"Dirisha hapa," alisema.

Digrii alimfuata akasimama karibu naye. Jua liliwapiga wote wawili usoni. Aliitazama mikono ile, ngozi ya ncha za vidole imekuwa ngumu kwa miaka ya sindano, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba vidole vilikuwa vinachezacheza, vinajinyoosha na kujikunja, vinaamka.

"Vikiwa na baridi," mzee alisema, "sioni kitu."